Kwa nini ujuzi hauvuki meta mbili: kufundishana kwenye duka dogo la ushonaji hapa Busia

Watu wengi ukiwaambia mafunzo ya wafanyakazi wanafikiria ukumbi wa hoteli, projekta, chai ya saa nne na nauli kwenye bahasha. Mi nina cherehani chache na ovaloki moja, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, kwenye chumba cha kupanga hapa Busia, upande wetu wa Uganda, ukitoka mlangoni unaona foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Kenya, na nataka niwaambie wenzangu wenye maduka kama langu kwamba mafunzo ya wafanyakazi yapo hata kwenye chumba kama hiki, tena kila siku, ila mwenye duka asipoyaona hawezi kuyalinda, na yasipolindwa yanakufa kimyakimya bila mtu kujua kilichokufa.

Serikali kwenye sera yake ya biashara ndogo na za kati ya 2015 inasema biashara yenye watu mpaka wanne na mauzo au mali isiyozidi shilingi milioni 10 kwa mwaka ni ndogo kabisa, na kuanzia watu watano mpaka 49 ni ndogo. Sisi msimu wa kawaida tuko wanne watano, Januari tunaongeza mikono kwa sababu ya uniform, kwa hiyo tunauvuka huo mstari tukienda na kurudi. Sasa ukiwa na watu wanne, kumtoa mmoja aende kozi Kampala wiki mbili ni kufunga robo ya duka, na kodi ya chumba haipungui robo. Alafu kozi yenyewe inafundisha kushona kwa jumla, wakati mteja wangu anataka kola ya shule fulani yenye mstari wa rangi mbili, na anaejua hiyo kola amekaa meta mbili kutoka kwa asiyeijua. Hilo ndo limekuwa swali langu kwa muda mrefu, kwa nini ujuzi hauvuki hizo meta mbili wakati watu wanakula pamoja, wanacheka pamoja, wanazikana.

Nianze na walio ndani. Kuna mzee wetu wa makoti, Mganda, anashona koti la kuvaa juu ya kanzu mpaka bega linakaa bila kunyanzi hata moja, na gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, pia anaijua tangu ujana wake. Kuna mama mmoja Mshi kutoka upande wa Bukavu, alikuja Uganda kwa sababu ya vita, tunamwita Mama Kongo na mwenyewe amelipenda hilo jina, yeye ni kitenge. Kuna kijana wa ovaloki, Mteso, mwepesi sana wa uniform. Na kuna binti, Msamia wa hapahapa, tuliyempokea akiwa hajui hata kutia uzi kwenye cherehani. Lugha inayotuunganisha mle ndani ni Kiswahili, kila mtu na cha kwake, na baraza la mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe lazima mashuleni mi nilifurahi kweli, kwa sababu bila hicho Mama Kongo angemfundishaje kijana wa Kiteso?

Hapa kwetu fundi analipwa kwa nguo. Umeshona suruali, unapata hela ya ufundi ya suruali, mwenye duka anabaki na fungu lake la chumba, uzi, stima na mashine. Ni utaratibu ambao kazi inakwenda na hakuna anaesema mwenzake anakula jasho lake. Lakini angalia huo utaratibu unafanya nini kwa ujuzi. Saa moja ya kumwonyesha mtu kutia kola ni saa moja bila suruali, yaani anaefundisha anatoa hela mfukoni mwake, na anaefundishwa akishajua anakuwa mtu wa pili wa kugawana naye kazi za kola. Kwa hiyo mzee alikuwa anakata makoti yake asubuhi mapema kabla hatujafika, au anageukia ukutani akikata, na vijana wanasema ana roho mbaya, wengine walifika mpaka kusema ana dawa. Hakuna roho mbaya pale. Mtu analisha wajukuu, na kila akifundisha anapungukiwa, unategemea afanye nini? Malipo ndo yalikuwa yanamgeuza ukutani. Na mi nimezungukia maduka ya wenzangu, ya saluni, ya kutengeneza simu, ya kuchomelea, naona kitu hichohicho, fundi mkubwa anafunika simu na kiganja chake akifika pale penyewe.

Kilichotubadilisha ni ile miaka ya korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kidogokidogo kwa madarasa kadhaa, zikafungwa tena, na kufunguka kabisa ilikuwa Januari 2022, karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani iliyofunga shule zake muda mrefu kuliko sisi. Sasa fikiria duka ambalo chakula chake ni uniform. Kijana wa ovaloki alikuwa anajua kaptula na mashati ya shule kuliko mtu yeyote hapa mjini, ila hakuwa anajua kitu kingine, akawa anakuja anakaa. Barakoa zilitusaidia kwa muda, alafu kila mwenye cherehani akawa anashona barakoa na bei ikaanguka. Aliyebaki na kazi ni Mama Kongo, maana wanawake hawakuacha kuvaa kitenge, na kazi zikawa nyingi kuliko mikono yake huku wenzake wamekaa pembeni wanaangalia barabara. Chumba kimoja, mmoja anazidiwa na kazi, watatu hawana kitu! Nilikuwa naangalia ile hali naumia, ujuzi wa kutulisha wote ulikuwa mle ndani ila umefukiwa kwa mtu mmoja kama pesa chini ya godoro.

Tukakaa tukapatana. Mama Kongo anampa kijana nguo ya kitenge, anamsimamia, na hela ya ufundi ya ile nguo wanagawana nusu kwa nusu, na juu yake duka linamwongeza Mama kidogo kutoka kwenye fungu langu ili muda wake usiende bure. Kijana akishashona aina ile mara tatu mfululizo bila nguo kurudi, hela yote inakuwa yake, na Mama anamwanzishia aina nyingine. Ilibidi niandike kwenye daftari, nani anamfundisha nani, nguo gani, ilirudi au haikurudi, kwa sababu maneno ya mdomo kwenye hela yanaleta ugomvi hata kati ya watu wanaopendana.

Jambo la pili tulilopatana, na kwangu hili ndo zito zaidi, ni kwamba nguo ikiharibika wakati mtu bado yuko chini ya mkono wa mwenzake, hakatwi mtu. Zamani anaeharibu alikuwa analipa kitambaa. Hiyo inaonekana haki, ila inafanya watu waogope kujaribu na waogope zaidi kuuliza, maana ukiuliza umeonyesha hujui, na asiyejua hapewi kazi. Sa hivi kila wiki kila mtu anaweka kidogo kwenye akiba ya kitambaa na duka linaweka sawa na jumla yao, kikiharibika tunanunua kingine tunamwambia mteja ukweli. Na kusema kweli vitambaa vinavyoharibika sio vingi kama nilivyodhani, kwa sababu mtu anaesema mapema "hapa sijaelewa" haharibu, anaeharibu ni yule anaejikaza.

Mzee hakuingia haraka. Alituangalia karibu mwaka mzima na kitenge chetu. Siku moja akaniuliza mbele ya wote, "Mama, nikishamfundisha huyu binti kukata koti, mimi mtaniweka wapi?" Ni swali la haki kabisa, na mwenye duka asipokuwa na jibu lake asimwombe mtu mzima afundishe. Nilimwambia, "Mzee, koti halitoki humu ndani bila wewe kulipitisha, na kila utakalolipitisha utalipwa." Tukapanga hela ya kukagua, ndogo lakini ya kila koti, hata lile ambalo yeye hakuligusa. Na kuna kitu kingine ambacho yeye mwenyewe alikuja kukisema baadaye, kwamba macho yake jioni hayaoni tena uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, na binti anaona. Basi binti akawa anamtilia uzi na kumfumulia kwa wembe mishono iliyoenda upande, na katika kufumua makoti ya mzee akaanza kuelewa koti limeundwaje ndani, tabaka kwa tabaka, kitambaa kigumu cha kola kinakaa wapi, bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza, inapigwa wapi, bitana inaachwa nafasi kiasi gani ili isivute. Kufumua ni darasa kubwa ambalo watu wanalidharau.

Hapo niseme kuhusu mpangilio wa kujifunza. Tulipata kijana mwanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Busitema, kiko wilayani kwetu na wanasomesha uinjinia wa nguo pale, alikuja kukaa nasi kwenye mafunzo yake ya vitendo. Yeye ndo alituambia kwamba miaka ya 1970 msomi mmoja wa Marekani, Jean Lave, alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia kule Liberia akaona wanafunzi wao wanaanzia mwisho wa nguo, wanaanza na vifungo na pindo na kupiga pasi, ndo wanakuja kushona, na kukata ndo kunakuja mwisho kabisa. Mzee aliposikia akasema hata yeye alifundishwa hivyohivyo Kampala na fundi wake, na hakuwahi kuuliza kwa nini. Ukifikiria sababu inaonekana. Pindo likikosewa unalifumua, hakuna hasara. Kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi, tena ni cha mteja, labda ni cha harusi. Lakini kuna zaidi ya hapo, anaepiga pasi nguo iliyokwisha anaishika kila sehemu, anajua nguo nzuri inakuwaje ikishakamilika kabla hajajua inaanzaje, kwa hiyo anapofika kwenye kukata tayari anajua anaelekea wapi. Shule nyingi za ushonaji naona zinaanza na kuchora pateni kwenye karatasi, na watoto wanakuja kwetu na vyeti wanajua kuchora ila hawajawahi kuona koti kwa ndani.

Yule mwanafunzi naye hakuondoka mikono mitupu, na sisi tulipata kwake. Alitufundisha kupanga pateni zote juu ya kitambaa kwanza kabla ya mkasi kugusa, za saizi mbalimbali kwa pamoja, kaptula ndogo inaingia kwenye nafasi iliyobaki kati ya kubwa mbili. Kwa uniform hiyo ni hela ya kweli, mabaki tunayotupa yamepungua mpaka mama anaekuja kuchukua vipande vya kujazia mito akauliza kama tumepunguza kazi.

Muda wa kufundishana unatoka wapi? Hili wenzangu wananiuliza sana. Januari hakuna muda, msidanganyane, Januari ni uniform mpaka usiku na mtu asiyejua anapewa vifungo tu na kupiga pasi. Shule zikishafungua, kuanzia mwisho wa Februari kazi zinalegea, hapo ndo msimu wa mafunzo, na mimi huwa najiwekea fungu kidogo la faida ya Januari kwa ajili ya kulipia ule muda. Alafu kuna stima. Yaka, ile stima ya kulipia kabla, ikiisha unanunua, lakini stima yenyewe ikipotea ovaloki inanyamaza na pasi inapoa, na zamani watu walikuwa wanatoka nje kupiga stori. Sasa tumezoea, stima ikipotea ni kazi za mkono, mtu mmoja anatoa kitu anachokijua, matundu ya vifungo ya mkono, kupiga bandi, kushonea shanga, na mwingine anakaa karibu naye, na cherehani ya kukanyaga inaendelea kwa anaejaribu mshono mpya. Hakuna ratiba ukutani. Kuna kamba tu tumetundika nguo za mfano, kola iliyokosewa na kola iliyopatia pembeni yake, mfuko uliokosewa na uliopatia, na mtu mgeni akija anaanza kwa kuzishika na kutuambia tofauti anaiona wapi. Mara nyingi ile mifano ya makosa ndo inafundisha zaidi.

Mama Kongo hasemi sana. Anatandika kitenge cha yadi sita sakafuni, anakunja, anakunjua, anasogeza ile pateni ya mgongo mpaka ua lililo kwenye kitambaa liangukie katikati, alafu anakaa kimya anamngoja mwanafunzi aseme mkono wa kushoto utakatwa wapi ili maua yafanane na ya kulia. Ukikosea hakwambii, anaweka vipande viwili vya karatasi kama mikono, unaona mwenyewe ua moja linaangalia juu na lingine chini. Kijana mwanzoni alikuwa anakasirika, "Mama si uniambie tu!" Hajamwambia mpaka leo. Mi sikuelewa ile njia, nilitaka haraka, lakini naona waliopita kwake hawasahau.

Na mafunzo hayaendi upande mmoja wa mkubwa kwa mdogo. Binti ndo ametufundisha simu. Zamani vipimo vya wateja vilikuwa kwenye daftari lenye mafuta ya mashine, ukurasa ukichanika mteja anapimwa upya, anachukia. Binti akaanza kupiga picha ya vipimo na ya kitambaa anamtumia mteja WhatsApp palepale, mteja anathibitisha, na mteja akiwa Kenya au Jinja tunamtumia picha ya nguo ikiwa kwenye bandi kabla haijashonwa kabisa. Pia alitufundisha kuangalia salio la mobile money kabla ya kukabidhi nguo badala ya kuamini meseji, maana meseji za uongo zimeliza watu wengi hapa mpakani. Lakini kumfundisha mzee kunataka adabu yake. Alimwambia kwa jina la heshima la babu, "Jaja, naomba unishikie simu hapa nikuonyeshe vipimo vya yule mzee wa koti la bluu, uniambie kama nimeandika sawa," hapo mzee anashika simu kama mtu anaekagua, sio kama anaefundishwa, na katika kukagua anajifunza. Hakumfundisha mbele ya mteja hata siku moja. Vijana wenye ujuzi wa simu wapo kila duka, ila wengi hawajui kufungua huo mlango, wanacheka mtu mzima akibonyeza vibaya, na akichekwa mara moja hagusi tena. Kwetu kumcheka anaejifunza ni kosa linaloniudhi kuliko kuchelewa kazini.

Sasa nije kwenye ubaya wake, kwa sababu upo na ni mkubwa. Kufundishana ndani kwa ndani kunasambaza makosa haraka kama kunavyosambaza ujuzi. Mashati yetu ya shule yalikuwa yanapendwa kwa bei, lakini mwalimu mmoja wa kike mteja wetu akaja akasema, "Nyabo, watoto wakinyoosha mkono darasani shati lote linatoka kwenye kaptula." Tukaangalia. Kwapa lilikuwa limekatwa chini mno, na ukilikata chini unadhani unampa mtoto nafasi kumbe unamfunga, akiinua mkono unapanda na shati zima, kwapa likiwa juu karibu na mwili ndo mkono unakwenda wenyewe. Yule aliyeleta ile pateni alikuwa fundi wa msimu aliyeshaondoka zamani, kila mtu akajifunza kwa aliyemtangulia, na hakuna hata mmoja aliyeona tatizo kwa sababu mashati yote mle ndani yalifanana. Duka dogo linajiangalia lenyewe tu. Ndo maana nasema lazima macho ya nje yaingie, hata mara mbili tatu kwa mwaka, mwanafunzi wa chuo, fundi mstaafu wa upande wa Kenya ambaye tunampa chakula na nauli apite meza kwa meza, mteja mkali ambaye humkimbii. Mteja anaelalamika na sababu zake tunamkalisha kwenye kiti tunamwita kila mtu asikie, hatumwachi aseme na mimi peke yangu mlangoni.

Na kitu ambacho hakuna anaekijua ndani hakiwezi kutoka ndani. Sisi sote hatukuwa tunajua kupiga hesabu ya gharama, tulikuwa tunaweka bei kwa kuangalia jirani anatoza ngapi. Unaweza kufundishana miaka kumi kitu ambacho hakipo. Kile tulikipata kwenye kikundi cha mafundi cherehani, kile cha Emyooga, ule mpango wa rais ulioanza 2019 uliowaweka watu kwenye vikundi kwa kazi zao, mafundi cherehani na chama chao cha akiba, wachomeleaji na chao, saluni na chao. Watu wanazungumzia zaidi zile hela, nani kapata nani hakupata, lakini kwangu faida kubwa ilikuwa baada ya kikao, mmewekwa kwenye benchi moja na watu wa kazi yenu ambao sio majirani wa mlango kwa mlango kwa hiyo hamgombanii mteja yuleyule. Mama mmoja wa kutoka vijijini huko alinionyesha daftari lake, uzi, stima, muda wa ovaloki, kodi iliyogawanywa kwa nguo, kila kitu kwa kila aina ya nguo. Nilikaa naye mpaka giza. Kesho yake nilimpa kijana ile hesabu akaifanya kwa kaptula zetu na tukaona tulikuwa tunashona saizi kubwa kwa hasara.

Mwisho kuna hofu ambayo kila mwenye duka anayo, nimfundishe alafu aondoke. Anaondoka, ndio. Na mi nimefika mahali nasema aondoke na karatasi. Kuna utafiti uliofanyika hapahapa Uganda na vijana, kwa kushirikiana na shirika la maendeleo la BRAC, matokeo yakachapishwa 2020, waliwapeleka wengine vyuo vya ufundi na wengine wakafundishwa kazini kwenye biashara ndogo, wote kipato kilipanda, ila wale wa kazini faida yao ilififia baada ya muda na wale wa chuo iliendelea, na sababu moja kubwa ni kwamba wa chuo ana cheti anaweza kumwonyesha bosi mwingine, wa kazini ujuzi wake anaujua bosi wake tu. Niliposimuliwa hayo nilimfikiria binti wetu. Anakata koti sasa, lakini akienda Kampala kesho nani atajua? Kwa hiyo tulimwandalia kupimwa kwa ule mfumo wa Worker's PAS, hati ya ujuzi uliopatikana kazini, wa DIT, kurugenzi ya serikali ya mafunzo ya viwanda, ambao haukuulizi ulisoma shule gani, wanakupima kwa vitendo kwa kazi unayoiweza na kukuandikia. Mzee ndo aliyemsimamia mazoezi, akiwa mkali kuliko mtahini yeyote, na nusu ya ada duka lililipa. Wenye maduka wenzangu waliniambia najitafutia hasara. Sijaiona hiyo hasara, na hata kama ingekuja, kumweka mtoto wa mtu gizani ili asikukimbie sio biashara ninayotaka kuifanya.

Kijana wa ovaloki ameshatoka, ana chumba chake mtaa wa Sofia hapahapa Busia na fundi mmoja. Alipotaka kuondoka tulikaa wote tukakubaliana wateja wake wa uniform aliowaleta mwenyewe anakwenda nao, wa duka wanabaki. Oda ya shule ikiwa kubwa kunizidi namgawia, na yeye hana mashine ya matundu ya vifungo kwa hiyo mashati yake yanakuja kutobolewa kwetu, analipa kwa shati. Yule fundi wake mpya huja nayo, na wakati anangoja Mama Kongo anamkalisha sakafuni na kitenge. Nusu ya hela ya ufundi, nusu kwa nusu, tunaiandika kwenye daftari lilelile, na kijana analipa upande wa duka kama nilivyokuwa nalipa mimi.